Urithi Unapoliwa kwa Meno: Mapitio ya Riwaya ya Tooth and Claw

Mzee Bon Agornin anakata roho ndani ya pango lake. Ana urefu wa futi 70, anaweza kupumua moto, na amejipandisha kwa jasho lake kutoka hali duni hadi kumiliki ardhi na kuacha jina linaloheshimika. Mwanawe Penn, ambaye ni kasisi, amekaa kando yake akimsikiliza. Wengine wanasubiri juu pamoja na mkwe tajiri asiyependa kucheleweshwa. Kila mmoja wao anajua kwamba mzee akishafumba macho watashuka kumla, na kwamba atakayepata minofu mingi ndiye atakayekua, kwa sababu kwa majoka hawa hakuna chakula kinachoongeza mwili, nguvu na hadhi kama nyama ya joka mwenzao. Maiti ya baba ni mali ya urithi sawa na dhahabu aliyoilalia.

Hivyo ndivyo inavyoanza Tooth and Claw, riwaya ya Jo Walton, mzaliwa wa Wales anayeishi Kanada. Ilichapishwa mwaka 2003, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Dunia ya Fantasia. Nakala yangu niliinunua kwa shilingi 12,000 kwa mchuuzi anayetandika vitabu vya mitumba kando ya barabara jijini Kampala, ambaye alikuwa ameipanga kati ya vitabu vya watoto kwa sababu aliona picha ya joka kwenye jalada. Ninawaomba wazazi wasifanye kosa hilo. Humu hamna damu ya vita inayomwagika kila ukurasa, lakini mna watoto wachanga wanaoliwa kwa kibali cha kasisi, na jambo hilo husimuliwa kwa sauti tulivu ya mtu anayeeleza jinsi chai inavyoandaliwa.

Sauti hiyo ndiyo ufunguo wa kitabu kizima. Walton ameeleza kwamba alijiuliza dunia ingekuwaje iwapo mambo ambayo riwaya za Kiingereza za zama za Malkia Victoria ziliyachukulia kuwa ya kweli kuhusu wanadamu, hasa kuhusu wanawake, yangekuwa kweli ya maumbile isiyoweza kukwepwa na yeyote. Akachukua msuko wa riwaya ya Anthony Trollope, Framley Parsonage, iliyotolewa kwa mfululizo katika jarida la Cornhill kuanzia Januari 1860 hadi 1861, akawaondoa wanadamu wote, akaweka majoka. Kwa Trollope kuna kasisi kijana, dada yake asiye na mali, bwana mkubwa anayempenda dada huyo, na mama wa bwana anayeona kwamba binti hana hadhi ya kuwa mkwewe. Wote wamo kwa Walton, kila mmoja na kazi yake ileile, isipokuwa sasa wana magamba, na mama mkwe akikasirika ana meno ya kutosha kulimaliza suala.

Kisa chenyewe kinasimama juu ya wosia. Bon Agornin aliagiza kwamba watoto wake wawili waliokwisha kujipatia maisha, yaani Penn na Berend aliyeolewa na Mtukufu Daverak, wachukue sehemu ndogo tu, na kilichobaki kigawanywe kati ya watatu ambao bado hawajasimama: Avan, mtumishi wa ofisi ya serikali katika mji mkuu wa Irieth, na mabinti wawili, Haner na Selendra. Mzee alipofariki, Daverak akadai kwamba wosia ulihusu dhahabu peke yake wala haukuhusu mwili, akashuka pangoni na mkewe na watoto wake, wakala hadi wakashiba, huku wenye haki wakipata mabaki. Avan anaamua kwenda mahakamani. Mabinti wanatenganishwa, mmoja kwa dada tajiri, mwingine kwa kaka kasisi. Na Penn anabeba siri aliyoambiwa na baba yake katika saa ya mwisho, kwa njia ambayo kanisa la majoka limeipiga marufuku, siri ambayo ikitolewa mahakamani itamvunjia kazi. Sitaisema hapa.

Nilipofika ukurasa ambao Daverak anapangusa kinywa, niliweka kitabu chini nikacheka peke yangu, kwa sababu nilitambua kwamba sisi hatuhitaji kuelezwa fumbo hili. Msomaji wa Ulaya lazima akubali kwanza kwamba matajiri kuwala maskini ni mfano wa maneno, kisha afurahie kuuona mfano ukigeuzwa kuwa nyama na mifupa. Kwetu lugha imekwisha kufanya kazi hiyo. Mjomba aliyeuza shamba la yatima amekula shamba. Karani aliyechukua fedha za mradi amezila. Na familia inapogombana baada ya matanga, hakuna anayesema kwamba mali imegawanywa vibaya, husemwa kwamba fulani amekula urithi wa wenzake. Kwa Kiganda jambo hili limepanda hadi kwenye kiti cha enzi: Kabaka anapotawazwa husemwa kwamba amekula Buganda, na aliyepewa uchifu huwa ameula. Walton ameandika kwa Kiingereza kitabu ambacho kitenzi chake kikuu kiko katika Kiswahili na Kiganda.

Nilitaka kuhakikisha kwamba si mimi tu ninayeona hivyo, nikaenda nacho Jinja kwa Ssenga wangu, yaani shangazi yangu upande wa baba. Yeye ni mjane wa askari, ameishi kambini miaka mingi, na Kiswahili chake ni kile cha jeshi, kisichozunguka. Alikuwa akimenya matoke nyuma ya nyumba, nami nikakaa kwenye mkeka nikamsimulia sura ya kwanza huku nikitafsiri papo hapo. Hakushangaa hata kidogo kwamba wanamla baba yao. Alinisimamisha mara moja tu.

“Na macho? Macho anakula nani?”

Nikamwambia kwamba macho ni ya kasisi. Ndiyo desturi ya majoka, na Penn aliyachukua kwa sababu yeye ndiye kasisi wa familia, jambo lililomchukiza kasisi wa eneo hilo, Frelt, aliyeona kwamba ni haki yake.

“Basi hao ni watu,” alisema Ssenga, akatupa ganda. “Kama firigisi. Nyumba ambayo firigisi haina mwenyewe, hiyo haina adabu.”

Hajui Trollope ni nani, lakini ameielewa riwaya ya adabu kuliko wahakiki wengi. Aina hii ya riwaya haihusu matukio makubwa. Huhusu nani anakaa wapi, nani anatangulia kuingia, nani anapewa kipande gani na nani anakosewa heshima pasipo neno lolote kusemwa. Katika nyumba nyingi za Uganda baba huwekewa firigisi mezani hata kama amechelewa kurudi, na zamani mwanamke wa Kiganda hakutakiwa kula kuku kabisa ingawa ndiye aliyempika. Mtu aliyekulia karibu na mambo hayo hatapata tabu na majoka wanaogombea macho ya marehemu. Atajua mara moja kwamba ugomvi si wa macho.

Upande wa mabinti ndio ulionivutia zaidi, na hapo ndipo nadhani Walton amefanya kazi yake kwa ustadi wa hali ya juu. Joka msichana ana magamba ya rangi ya dhahabu. Dume asiye ndugu yake akimkaribia mno, mwili wa msichana hugeuka waridi, na rangi hiyo humtangazia kila mtu kwamba amekwisha kuchumbiwa. Katika riwaya za karne ya 19 msichana aliyekaa faraghani na mwanamume alipoteza jina lake hata kama hakuna kilichotokea. Hapa kanuni hiyo imewekwa kwenye ngozi. Frelt anamwegemea Selendra kwa ujeuri, akidhani kwamba akishabadilika rangi hatakuwa na la kusema ila kukubali kuolewa naye. Selendra anakimbilia kwa Amer, mtumishi mzee aliyemlea, ambaye anajua dawa ya kurudisha rangi. Dawa inafanya kazi, lakini tangu hapo binti haamini kama mwili wake utaweza tena kuona haya hata atakapompata ampendaye kwa moyo wake, na hofu hiyo inambana hadi karibu na mwisho wa kitabu.

Fikiria uzito wa jambo hilo. Maisha yote ya binti yanategemea ushahidi ambao mwili wake unatoa bila idhini yake, na wanaume wanajua kuusoma kuliko yeye mwenyewe. Nilipomsimulia Ssenga sehemu hii, alikaa kimya kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kazi ya ssenga katika Buganda ni hiyohiyo ya Amer: kumfundisha binti wa kaka yake mambo ambayo mama hawezi kuyatamka, kumficha penye aibu, na siku ya kwanjula, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa ukoo wa binti, kumtoa bwana harusi kati ya wageni mbele ya ukoo mzima. Kitu alichoniuliza ni kama Amer alilipwa. Nikajibu kwamba hakulipwa. Mabawa yake yamefungwa kamba.

Mabawa ni alama ya pili ambayo mwandishi ameitumia vizuri. Watumishi hufungwa mabawa wasiruke, na makasisi hufungwa pia, ingawa wao hufungwa kwa hiari kama ishara ya unyenyekevu. Kamba ni ileile, maana si ile. Katika nyumba ya Penn kamba za watumishi hulegezwa kidogo. Katika nyumba ya Daverak hukazwa hadi mtumishi ashindwe kulala kwa maumivu, na aliyechoka huliwa. Daverak pia ana haki ya kuwala watoto dhaifu wa wakulima walio katika ardhi yake, na anaitumia haki hiyo hata kwa watoto wasio dhaifu. Haner, anayelazimika kuishi kwake, anayaona haya siku baada ya siku, naye anaanza kujiuliza maswali ambayo mgeni wa heshima hapaswi kuyauliza mezani.

Hapa msomaji wa Uganda ana sababu nyingine ya kukisogeza kitabu karibu. Zama za Victoria hazikuwa za Uingereza peke yake: ulinzi wa Kiingereza ulitangazwa juu ya Uganda mwaka 1894, na Mkataba wa Buganda wa 1900 ulitiwa saini malkia akiwa bado hai, miezi kumi hivi kabla ya kufa kwake Januari 1901. Mkataba huo ndio uliopima ardhi kwa maili za mraba na kuwagawia machifu na wakubwa wengine, na ndiyo maana hadi leo tunaiita ardhi ya mailo, huku waliokuwa wakiilima wakijikuta ni wenye vibanja juu ya ardhi ya mtu mwingine. Mabwana kama Daverak, walioyapokea mashamba pamoja na watu waliomo ndani yake, si wageni katika historia yetu. Hata adui wa majoka hawa yumo: kuna viumbe waitwao Yarge, ambao msomaji anatambua polepole kwamba ni wanadamu, waliowahi kuwashinda na kuwatawala majoka kwa silaha, na dini yao ndiyo chanzo cha baadhi ya desturi ambazo majoka wanazishika leo kana kwamba ni za mababu zao. Jambo hilo limedokezwa kwa mistari michache, nami nilisikitika kwamba halikupewa nafasi kubwa zaidi.

Kuhusu kesi ya Avan, kuna raha ya pekee kuisoma katika nchi ambayo sheria ya urithi imebishaniwa bungeni na mahakamani kwa miaka mingi. Marekebisho ya mwaka 2022 ya sheria yetu yameweka hesabu wazi kwa marehemu asiyeacha wosia: watoto asilimia 75, mjane au mgane 20, wategemezi wengine 4, na mrithi wa kimila 1. Majoka hawana hesabu kama hiyo. Wana wosia wenye neno moja lenye utata na mkwe mwenye meno. Katika Uingereza ya wakati wa Trollope mali ya mke ilikuwa ya mumewe, na sheria zilizoanza kubadilisha hali hiyo zilikuja mwaka 1870 na 1882, kwa hiyo Berend kushindwa kumpinga Daverak hata kuhusu mwili wa baba yake mzazi si udhaifu wa tabia tu. Mwandishi hasemi lolote kati ya haya waziwazi. Anamwonyesha Berend akila, kisha akila tena kwa sababu mumewe amemwambia ale.

Si kila kitu kimenipendeza. Kurasa 30 za kwanza zinamwaga majina na vyeo kwa kasi inayochosha, na nilihitaji kipande cha karatasi cha kuchorea nani ni mtoto wa nani. Vyeo vyenyewe vina ngazi nyingi, na mfasiri wa Kiswahili atakayejaribu kazi hii atateseka, kwa maana akishatumia Mheshimiwa, Mtukufu na Muadhamu atakuwa amemaliza akiba huku ngazi bado zimebaki. Tena neno Mheshimiwa nchini mwetu limekwisha kuliwa na wabunge. Neno joka nalo lina taabu yake. Kwa msomaji wa Biblia ni yule mwekundu wa Ufunuo, na kwa msimulizi wa hadithi ni nyoka mkubwa anayeishi ziwani na kudai wanawali, hali hawa wa Walton wana mabawa na mikono, wanapenda kofia nzuri, na wanaona haya wakitembelewa na mgeni kabla pango halijafagiliwa. Mimi ningebaki na neno hilohilo, nikauacha mshangao ufanye kazi.

Daverak na Frelt ni wabaya kwa namna moja tu, tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali Trollope aliwapa hata wakopaji wake sugu nafasi ya kupendwa kidogo. Swali la Haner kuhusu watumishi linaletwa kwa nguvu, kisha halifikishwi mbali, ndoa inalifunika. Na kurasa za mwisho zina harusi nyingi kwa pamoja, kama Jumamosi ya Desemba. Najua kwamba hiyo ni sehemu ya utani, kwani riwaya za zama hizo zilimalizika hivyo, na mwandishi anautambua utani wake mwenyewe: vichwa vya sehemu vinahesabu maposo, maungamo na vitanda vya mauti mmoja baada ya mwingine, mpaka mahali msimulizi anapokiri kwamba hesabu ya maposo na maungamo imempotea. Nilicheka. Hata hivyo, kesi iliyojengwa kwa sura nyingi namna ile ilistahili kuchukua muda zaidi mbele ya hakimu kabla ya meno kuingia kazini.

Kiingereza chake si kigumu kwa aliyemaliza sekondari, ila sentensi ni ndefu na zenye adabu nyingi, hivyo asomaye kwa haraka atapitwa na kejeli. Si lazima uwe umemsoma Trollope. Mimi nilimsoma baadaye, nikakuta kwamba majoka walikuwa wamenifundisha mama wa bwana anahofia nini hasa. Kwa anayetaka vita, mapanga na safari za kutafuta hazina, fedha zake atazijutia, kwa sababu hazina ipo tangu ukurasa wa kwanza, imelaliwa na marehemu, na ugomvi wote ni wa ndugu. Kwa aliyewahi kukaa katika kikao cha ukoo baada ya matanga na kumwona mtu mmoja akiandika orodha ya ng'ombe kabla machozi hayajakauka, bei ya shilingi 12,000 ni ndogo.

Nilirudi Kampala bila kitabu. Mjukuu wa Ssenga, aliye kidato cha nne, anamsomea sura moja kila Jumapili jioni na kumtafsiria, na wiki iliyopita nilipigiwa simu usiku kuulizwa iwapo yule Avan amepata wakili mzuri. Nikamwambia Ssenga kwamba sitamharibia utamu. Akanijibu kwamba utamu haumhusu. Anataka kujua wakili anakula asilimia ngapi.